Kabla Hujaandika Kisima Kifungwe

Galbet, Garissa
Baada ya alasiri

Aabo Idiris, mwanangu,

Amani ya Mungu iwe nawe, na iwe pia na lile lori la kesho, maana breki zake nazifahamu. Habari za blanketi, kwinini na watu wa kusalimiwa njiani mama yako ameshakueleza, na najua atakueleza tena alfajiri ukiwa umeshapanda. Mimi katika hayo simo. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kisomali chetu hakina maandishi tuliyokubaliana, na Kiswahili ndicho kilichonipa kazi ya ukalimani na kunilisha. Ukikuta ngeli imepotea njia, iache. Wewe ulifundishwa darasani. Mimi nilifundishwa na makarani waliokuwa wakinicheka.

Kesho unakwenda Ijara kuwa mwandishi na mkalimani wa kikosi kinachochunguza visima. Umenieleza kazi yenyewe mara nyingi, kwa furaha ambayo sikutaka kuiharibu. Mtazunguka visima vya upande ule, mtatazama maji, majani na hali ya ng'ombe, mtauliza watu. Kisha mtaandika mlichokiona, mtasema maana yake ni nini, na mwisho mtapendekeza serikali ifanye nini. Kwa maneno hayo ya mwisho watu wataambiwa wabaki kwenye visima vyao au wahame. Miongoni mwao yumo abti yako Gedi, kaka wa mama yako, pamoja na watoto wake na ng'ombe wake wote. Mama yako halali vizuri kwa ajili hiyo, ingawa wewe amekwambia ni jino linamsumbua.

Mimi pia naogopa. Siogopi kwamba utamwonea abti yako wala kwamba utampendelea, maana nakujua. Naogopa utafanya nilichofanya mimi, na utakifanya kwa moyo safi kabisa kama nilivyokifanya mimi.

Ukifika Ijara wataanza kukuita mwana wa Eel Aase, mwana wa mzika kisima. Sisi hatumwachi mtu bila jina la utani, na langu unalijua tangu utotoni. Umelicheka, nami nimelicheka nawe. Lakini kisa chenyewe hujakisikia kwa mpangilio wake, kwa sababu kila anayekisimulia hukimbilia pale pa kuchekesha.

Miaka ile kabla ya vita na Mtaliano, ng'ombe walikuwa wakifa karibu na kisima kimoja kaskazini kidogo ya Ijara. Akatumwa Bwana Daktari wa mifugo, naye akanichukua mimi kama mkalimani, pamoja na karani Mtaita aitwaye Mwadime. Kisima kile kilikuwa cha babu yako mzaa mama, Mzee Shale. Nasema chake kwa sababu baba zake ndio waliokichimba, na zamu za kunywesha yeye ndiye aliyezipanga. Nilikuwa nimemwoa binti yake si zamani, na mama yako alikuwa na mimba yako.

Tulifika mwisho wa jilaal, kile kiangazi kirefu. Mizoga ilikuwa imezunguka kisima na tai walikuwa wameshiba hata hawakuruka tulipokaribia. Maji yalikuwa na chumvi kidogo, rangi yake ya chai isiyo na maziwa. Mtu mmoja alimshika Mwadime mkono akamvuta hadi ukingoni.

"Karani, tazama bale," akamwambia. "Hii maji iko mbaya. Ng'ombe nakunywa, nakonda, nakufa. Mfua ya mwaka jana ilikuja, bado nakufa tu. Wewe naandika?"

"Naandika," Mwadime akasema.

Kila tuliyemuuliza alisema hivyo hivyo. Tulikuwa tukiuliza asubuhi, pale kisimani, watu wakiwa wanakunywesha, na adhuhuri tukirudi hemani kwa sababu ya jua. Lilionekana jambo la akili. Nani atamfuata mfugaji porini wakati mfugaji mwenyewe anakuja majini?

Hapo nikukumbushe habari ya baba yangu, ambaye hukumdiriki. Yeye alikuwa mtu wa sahan, yule anayetumwa na wenzake kwenda kutafuta malisho kabla watu hawajahama. Akirudi, hakuruhusiwa kusema "kule ni kuzuri" na kukaa kitako akapewa maziwa. Wazee walimhoji. Aliyoyaona kwa macho yake aliyasema kwanza, akifungua pembe ya shuka na kuonyesha majani aliyoyafungia huko. Aliyoyasikia kwa wapita njia akayasema baadaye, na kila moja akitaja alilisikia kwa nani. Anachodhani kilikuja mwisho, tena akiulizwa. Kisha kulikuwa na swali moja ambalo lilimkera kila mara: "Uliishia wapi?" Maana hata sahan hodari hafiki kila mahali, na wazee walitaka kujua ni upande gani hakuutazama. Niliyaona haya tangu nikiwa mchanga wa kuchunga ndama. Lakini nilipovaa kaptula ya serikali nikadhani uchunguzi ni kitu kingine kilichokuja na meza ya kukunja.

Zamu ya kumuuliza Mzee Shale ilifika. Wewe bado hujaoa, kwa hiyo hujui uzito wake. Baba mkwe wako, sodog wako, humtazami usoni. Hubishani naye, na akishakujibu hurudii swali, kwa sababu kurudia ni kumwambia amesema uongo. Niliinamisha macho nikamuuliza ng'ombe wake walilisha wapi jilaal ile.

"Hapa hapa," akasema.

Kwa kuwa macho yangu yalikuwa chini, yaliangukia kwato za ng'ombe wake. Kwenye kwato kulikuwa na tope jeusi lililokauka. Udongo wa pale kisimani ni mwekundu, Idiris, mwekundu mpaka kwenye nguo. Tope jeusi lilikuwa la kusini, la ukingo wa msitu. Nililiona. Nikamgeukia Bwana Daktari nikamtafsiria: "Anasema walilisha hapa hapa." Waliokuwa wamesimama nyuma ya mzee walisikia, na wao walipoulizwa wakasema hapa hapa. Mwadime akaandika kwamba watu wote wanakubaliana. Kumbe tulikuwa na jibu moja tu, lililorudiwa na watu wasiotaka kumwaibisha mkubwa wao.

Chupa za maji zilikuwa zimepelekwa Nairobi kupimwa na majibu hayajarudi. Mawingu yalianza kukusanyika, na Bwana Daktari alitaka kumaliza kabla barabara haijageuka tope. Tukakaa mezani. Mtu yule hakuwa mbaya wala mjinga, na nakuomba usimfanye hivyo unapokisimulia.

"Ng'ombe nakunywa, ng'ombe nakufa," akasema kwa Kiswahili chake. "Maji iko sumu. Kweli?" Akanigeukia. "Wewe mtu wa hapa. Sema."

"Kweli, Bwana," nikasema.

"Na majibu ya chupa?" Mwadime akauliza.

"Itakuja. Itasema hiyo hiyo."

Kisha akauliza, kikifungwa kisima watu watakunywa wapi. Mimi ndiye niliyejibu. Nilijua nchi kuliko ramani yake, na kusema kweli nilifurahi kuulizwa. Nikataja madimbwi ya kusini, karibu na msitu, ambako maji ni matamu na majani hayaishi. Serikali ilikuwa imeweka mpaka wa malisho kule na kuvuka kulikatazwa, basi Bwana Daktari akaandika mpaka ufunguliwe kwa ajili yao. Nilijiona nimewafanyia wakwe zangu wema mkubwa.

Ukiipima kazi yetu ya siku zile, utaona kwamba tulichokiona kilikuwa sahihi: ng'ombe wengi wamekufa karibu na kisima. Hilo hata leo naliapia. Tulipotoka hapo na kusema kisima ndicho kinachowaua, tuliruka shimo bila kulitazama. Na tulipotoka hapo tena na kusema watu waende madimbwini, hatukuwa tumeyatazama madimbwi hata kwa jicho moja. Pendekezo lile halikutoka kwenye uchunguzi wetu hata kidogo. Lilitoka kichwani mwangu, likaandikwa chini ya uchunguzi kana kwamba ni mtoto wake. Uangalie sana mahali hapo, aabo. Utakuwa umechoka, watu watakuwa wanangoja, na aliye mkubwa wako atakuuliza, "Basi tufanye nini?" Swali hilo linampa mtu kiburi kitamu. Ni halali kumjibu kwamba kwa tuliyoyatazama hatuwezi bado kusema.

Kisima kilijazwa mawe na miiba. Waliokijaza walikuwa wenye kisima wenyewe, askari akiwa amesimama pembeni, na bibi yako alilia kwa sauti ambayo niliisikia nikiwa mbali. Wakahama na mvua ya kwanza.

Wewe ulizaliwa huko madimbwini. Unajua desturi yetu: mtoto wa kiume akikatwa kitovu hupewa mfugo jike, na uzao wake ndio mwanzo wa zizi lake atakapokuwa mtu mzima. Mzee Shale alikupa ndama jike mwekundu mwenye paji jeupe, mzuri, mama yake akiwa na maziwa mengi kuliko wote. Hukuwahi kumwona. Alikonda, manyoya yakasimama, machozi yakawa yanamtoka, akafa kabla hujaweza kukaa. Nyuma yake walikufa wengine wengi, kuliko waliokufa kisimani. Hapo watu wakaanza kunitazama bila kunisalimu.

Majibu ya Nairobi yalikuja wakati huo. Maji ya kisima yalikuwa na chumvi, basi. Hakuna sumu. Mwadime aliniletea habari mwenyewe na hakusema neno zaidi, na kwa kunyamaza kule nimempenda mpaka leo. Nilitembea nikaenda kukaa nyuma ya mti wa miiba nikalia.

Kisha nikaenda kwa Mzee Shale. Alikuwa amekaa karibu na mzoga wa fahali wake. Nilikaa chini, macho chini, nikamwambia habari ya chupa. Aliweka mkono juu ya pembe ya fahali.

"Jilaal ile tuliteremka msituni," akasema. "Tuliingia ndani kuliko miaka mingine, majani yalikuwa yameisha huku. Tukarudi na gendi, naona sasa."

Gendi ndiyo ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Ng'ombe akiumwa na inzi yule hafi pale pale. Hukonda taratibu, na kama mwenyewe amesharudi nyumbani, atakufa nyumbani, karibu na maji anayoyajua. Mvua inapoanza mbung'o huzidi, na sisi tuliwapeleka watu kwenye madimbwi mvua inaanza.

"Ulisema hapa hapa," nikasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumrudishia neno.

"Nilisema. Tulivuka mpaka. Ningesema kweli, serikali ingechukua ng'ombe kwa faini. Na mimi nilidhani kweli ni maji, miaka mingine tulikwenda msituni tukarudi wazima." Akanitazama. "Lakini wewe uliliona tope. Nilikuona ukilitazama."

"Wewe ni sodog wangu. Sikuweza kukuuliza mara ya pili."

"Najua. Basi mbona hukumtuma yule Mtaita? Yeye hana mke kwangu."

"Ungemwambia kweli?"

"Ningemfukuza kwa fimbo," akasema. "Na mngejiuliza kwa nini mzee amekasirika hivyo."

Hapo ndipo watu wanapochekea wanaposimulia, nami nacheka nao. Siku ile hakuna aliyecheka.

Baadaye tulijua na jambo jingine. Pale kisimani walikuwepo watu wenye ng'ombe wachache, ambao zamu yao ya kunywesha ilikuwa alasiri baada ya wakubwa kumaliza. Hawakuwa na haja ya kwenda msituni, majani ya karibu yaliwatosha. Walikunywa maji yale yale mwaka mzima, na ng'ombe wao walikuwa wazima. Sisi alasiri tulikuwa hemani tunakunywa chai. Tuliwahoji waliofiwa, na hatukuwahi kuuliza nani hakufiwa. Mtu mmoja tu kati yetu angekaa pale hadi jua linateremka, kisima kile kisingezikwa. Kwa hiyo usipojua la kuuliza, kaa tu mpaka wa mwisho amenywesha.

Nilimwendea Bwana Daktari nikamwambia yote, na la tope. Alikasirika, kisha akaandika upya, na andiko lile la pili lilikuwa refu kuliko la kwanza na mapendekezo yake machache. Kisima kilifukuliwa. Niliomba nishushwe ndani pamoja na shemeji zangu, na ndoo za mawe na miiba zilikuwa zikipanda juu watu wakiniita kwa jina jipya. Abti Gedi ndiye aliyelitunga. Wakati ule alikuwa kijana, ana ulimi, na mpaka leo anao. Mifugo ya mama yako iliyokuwa iwe sehemu yako ilikwisha, na ndiyo sababu umekulia hapa mjini kwenye mshahara wangu badala ya nyuma ya ng'ombe. Sikusikitikii kwa hilo, umesoma. Lakini huwa nakutazama unavyosimama pembeni wenzako wanapozungumzia mifugo yao, na moyo unaniuma.

Sasa wewe. Siku ya kwanza, kabla hamjafungua hata hema, mwambie kiongozi wako kwamba kwenye kisima fulani yuko abti yako. Mwambie waziwazi, asije akaambiwa na mwingine. Na mkifika kwa Gedi, asihojiwe nawe. Atakuchinjia mbuzi, atakuita majina yote mazuri, na utakuta maswali yako yote yamekuwa laini bila wewe kukusudia. Amwulize mtu asiye na abti pale. Wewe kaa mbali, kula nyama.

Na mkishaandika, omba msomee watu kile mnachokwenda kusema juu yao, kwa lugha yao, kabla hakijafungwa kwenye bahasha. Watapiga kelele. Wengine watapiga kelele kwa sababu hawataki tu, na hao mtawajua. Lakini katika kelele zile atakuwepo mmoja atakayesema kitu ambacho hakuna kati yenu aliyekiona, na mtalazimika kurudi kutazama. Mkubwa wako atasema ni kupoteza wakati. Mweleze habari yangu, nakuruhusu, na jina langu la Ijara mtajie.

Nimebakiza jambo moja. Baba yangu aliporudi kutoka sahan na wazee wakakubali kuhama kwa neno lake, mifugo yake ndiyo iliyotangulia. Hakuna aliyemlazimisha, ndivyo ilivyokuwa tu. Kama maji aliyoyasifu yalikuwa mabaya, ya kwake yangekunywa kwanza. Mimi nilipopendekeza madimbwi sikuwa na hata mbuzi mmoja wa kuhama, nilikuwa na mshahara na hema.

Mwezi uliopita nilipokwenda Ijara, mlidhani nimekwenda mazishini tu. Nilikwenda pia kutafuta ndama. Nilitafuta sana, kwa sababu nilitaka rangi ile ile. Yuko kwa Abti Gedi sasa, jike jekundu lenye paji jeupe, anakunywa kwenye kisima mnachokwenda kukichunguza. Ni wako. Ni yule wa kitovu, nimechelewa miaka yako yote kumrudisha. Mama yako anasema nimekosea kukupa sasa, kwamba watu watasema nimekupindisha mkono. Huenda ana haki. Kwa hiyo mtajie kiongozi wako na ndama pia, mbele ya wenzako, na kama atakuondoa kwenye kisima kile, ondoka bila manung'uniko.

Sikukupa ili kisima kile kibaki wazi. Mkikuta kuna sababu ya kukifunga, na mmeitazama sababu hiyo asubuhi na alasiri, andikeni kifungwe. Ila siku ile watu watakapohama, uombe ruhusa, ukamswage ndama wako mbele ya wengine wote kwa mkono wako.

Nakupenda, aabo. Nilipaswa kulisema kwa mdomo, lakini kesho alfajiri nitakuwa nikishughulika na kamba za mizigo na sitaweza.

Ni mimi baba yako,
Eel Aase